Nguzo za Mita Tatu

Siku injinia Byarugaba alipobandika majina kwenye mlango wa kontena lake, pale kwenye uwanja mpya wa Kitendaguro, Clotilda aliyasoma mara tatu. Karatasi ilikuwa moja, imetiwa ndani ya nailoni kwa kuogopa mvua, ingawa ilikuwa Juni na mvua haikuwepo. Ni mazoea tu ya watu wa Bukoba. Mbunifu wa vibao vya kuelekeza watazamaji: Evelyne Lwakatare. Chini yake, mafundi rangi wawili: Muksini, na yeye.

Mtoto wake, Neta, alikuwa mgongoni amelala, mate yakimlowesha mama bega. Clotilda akamrusha kidogo kumweka sawa, akasoma tena, kana kwamba jina lake lingeweza kupanda mstari mmoja juu yeye akipepesa macho.

"Hongera, Ma Neta," Muksini akasema nyuma yake. "Tumepata."

"Tumepata nini?"

"Kazi."

"Kazi umepata wewe. Mimi nimepewa brashi."

Muksini akacheka, akidhani ni utani.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa watu elfu ishirini. Milango minne, majukwaa manane, na njia pana ya wazi inayouzunguka wote kama mkanda kiunoni. Mtu asiyeelekezwa angeweza kuizunguka njia ile na tiketi yake mkononi mpaka refa apulize filimbi ya mwisho. Tangu siku greda lilipoanza kukata kile kilima, Clotilda alikuwa akiviwaza vibao vyake. Jioni, Neta akinyonya, yeye alichora kwa mkono mmoja kwenye manila: mlango huu hapa, choo cha kina mama kule, huduma ya kwanza, njia ya kutokea. Akamaliza manila sita. Herufi zake zilinyooka hata bila rula. Byarugaba alizitazama zote, moja moja, tena kwa heshima.

"Mkono wako mzuri, mama," alisema. "Mzuri kweli. Lakini kampuni inataka vitu vya kompyuta, vya kutuma kwa barua pepe."

Na Evelyne alikuwa na kompyuta.

Angekuwa mtu mwingine, mgeni kutoka Dar, Clotilda angenuna wiki moja akasahau. Lakini huyu alikuwa Evelyne wa Kimwani, kule Muleba, aliyekuja Bukoba na mfuko mmoja wa nguo akapokewa na Ma Klaudia, mama yake Clotilda, nyumbani Ijuganyondo. Miaka miwili walilalia godoro moja. Mchana Clotilda alibeba ndoo za rangi za mzee Kahangwa, fundi wa kuandika vibao, na Evelyne aliuza viatu sokoni. Jioni wote wawili walikwenda masomo kwenye ukumbi wa parokia, hesabu, Kiingereza na uchoraji, rula yao ikiwa moja. Na kwenye uchoraji, kila mtu alijua, hata Evelyne mwenyewe alisema, aliyekuwa mbele ni Clotilda. Halafu katika mwaka mmoja, Evelyne akaenda Mwanza chuoni, na Clotilda akaenda kanisani na shela.

Hakujuta. Projestus alikuwa mume mwema, fundi wa kuchomelea, mtu asiyepandisha sauti nyumbani. Na Neta, jamani, Neta akikishika kidole chako kwa kiganja chake kizima unasahau hata ulichokuwa unalilia. Hapana, hakujuta. Ila mtu anaweza kupenda alichonacho na bado jicho likabaki kwenye sahani ya mwenzake.

Wivu wake haukuwa moto kama watu wanavyosema. Ulikuwa kama kokoto ndani ya kiatu. Unatembea nayo siku nzima, unasalimia watu, unacheka nao, na kila hatua unaikumbuka.

*

Evelyne alifika na bodaboda, kofia ngumu ikining'inia mkononi, kompyuta kwenye begi la mgongoni. Alimkumbatia Clotilda mbele ya mafundi wote.

"Clo. Na huyu ndiye Neta mwenyewe? Nipe nimbebe."

"Anaogopa wageni."

"Mimi mgeni?"

"Kwake, ndiyo."

Evelyne akarudisha mikono yake taratibu. Neta, ambaye hakuambiwa kwamba anaogopa, alikuwa anamchekea kutoka begani kwa mama yake, meno yote mawili nje.

Wakakaa juu ya mifuko ya saruji, Evelyne akafungua kompyuta. Clotilda alikuwa amejiandaa kuona kitu kibaya. Alikiombea kiwe kibaya. Lakini njia ya mzunguko ilikuwa pale kwenye kioo kama imepigwa picha: watu wanatembea, jua linawaka, kivuli cha kila mtu kimelala kando yake. Na kila baada ya hatua ishirini, nguzo ndefu nyeupe yenye kibao na mshale.

"Nimeviweka juu, mita tatu," Evelyne alisema. "Watu wakijaa, unaona juu ya vichwa vyao. Bluu ni majukwaa ya upande wa ziwa, njano ni ya upande wa mlima. Asiyejua kusoma anafuata rangi ya tiketi yake tu."

Ilikuwa kazi nzuri, na hapo ndipo palipouma. Clotilda akaitazama ile picha kwa jicho la mtu anayetafuta unywele ndani ya mchuzi, na akaupata.

Kwenye kompyuta hapakuwa na mvua.

Mzee Kahangwa, Mungu amlaze pema, alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na aliisema kwa ukali, kama mtu aliyeibiwa: Bukoba, kibao ni cha mtu mwenye mwavuli. Ndiyo maana maandishi yake yote, na ya Clotilda baada yake, yalikaa kati ya goti na kifua. Ya zahanati, ya saluni, ya duka la mbolea. Wageni walicheka kwamba kuta za Ijuganyondo zimeandikwa na watoto. Lakini mtu wa Bukoba hutembea na paa lake mkononi karibu mwaka mzima, na paa lenyewe hulishusha mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mvua ya ziwani huja kwa ubavuni. Huyo hatazami juu. Anaona viatu vyake, maji yanayopita, na kiuno cha aliyemtangulia.

Evelyne hakulijua hilo. Kwao Kimwani wanalima mpunga na mahindi, na mvua huja kwa kubembelezwa. Ile miaka miwili ya Bukoba alikuwa msichana wa kukimbia na mfuko kichwani; kisha ikawa Mwanza, kisha bodaboda. Na Byarugaba, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa mtu wa gari. Mwenye gari hana habari na mwavuli.

"Clo," Evelyne akasema, akipunguza sauti. "Wewe ndiye ninayekuamini. Hebu angalia vizuri. Kuna kitu nimesahau? Septemba mwishoni kuna mechi ya majaribio. Ikienda sawa, kampuni inanichukua moja kwa moja, nasikia wana viwanja vingine. Ikiharibika wanaleta watu wao, mimi narudi kuuza viatu."

Neno lilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Mwavuli. Ni neno dogo, hata mtoto anaweza kulisema.

"Hamna," Clotilda akasema. "Pako sawa."

"Kweli?"

"Kweli, Eve. Umepanga vizuri."

Evelyne akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akafunga kompyuta.

*

Nguzo zilichomelewa na Projestus. Kwa hiyo hata nyumbani Clotilda hakupumzika.

"Leo tumesimamisha kumi na nne," Projestus alisema jioni moja, wanakula ndizi za ebitoke na maharage, Neta katikati yao anapiga sahani kwa kijiko. "Yule dada anapima, waitu, jamani. Akisema mita tatu ni mita tatu. Nimekosea sentimita mbili akanirudisha."

"Muoe basi."

"Unasemaje?"

"Nasema kula, chakula kinapoa."

Projestus akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaona kwa mtoto kuna usalama zaidi. Akampa kipande cha ndizi.

"Kwani zile nguzo," Clotilda akasema, "wewe huoni ni ndefu mno?"

"Ndefu ndiyo. Zionekane."

"Haya."

"Kwani kuna tatizo?"

"Nimeuliza tu."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na aliila pamoja na maharage.

Julai ikapita, na Agosti. Ni miezi ambayo Bukoba hujifanya mji mwingine: vumbi jekundu barabarani, ziwa limetulia, miavuli imetundikwa nyuma ya milango. Clotilda alipanda ngazi kila siku na brashi yake akapaka herufi za Evelyne. Mishale ya Evelyne. Bluu ya Evelyne. Aliupaka vizuri kila mstari, kwa sababu mkono wake haukujua kupaka vibaya hata alipotaka. Chini alimsikia Byarugaba: "Dada Evelyne, njoo uone hapa." "Dada Evelyne ana maoni gani?" Na kwake: "Mama, mtoto asikaribie rangi." Kumbe walizaliwa mwaka mmoja, tena Evelyne ndiye mkubwa kwa miezi mitatu. Lakini mmoja ni dada na mwingine ni mama.

Mara Evelyne alimletea chai ya maziwa. Clotilda akaichukia ile chai, akainywa yote. Mara alimletea Neta soksi za pinki. Clotilda akasema asante, akaziweka chini kabisa ya kapu.

Jumapili kanisani, pale watu wote wanapoungama waliyoyatenda na wasiyoyatenda, sauti yake ilipanda kwenye ya kwanza na kushuka kwenye ya pili. Hakuomba mvua. Hilo aliweza kuapa mbele ya padri. Ila kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, alitoka nje akatazama upande wa ziwani.

*

Mechi ya majaribio ilikuwa kati ya timu ya Bukoba na timu ya Muleba, saa kumi jioni. Mabasi ya Muleba yalianza kufika saa saba. Watu wa visiwa vya Muleba walikuja na ngoma na bendera iliyoshonwa kwa magunia, wakiongozwa na mfanyabiashara wa samaki aitwaye Maige, mtu mnene mwenye filimbi mdomoni. Tiketi zao zilikuwa bluu, upande wa ziwa. Watu wa Bukoba walipewa njano, upande wa mlima. Ma Klaudia alikuja na wenzake sita wa jumuiya, wamevaa vitenge vya sare, na kila mmoja, kama ilivyo, alikuwa na mwavuli wake kwapani.

Saa nane na nusu ziwa likawa jeusi. Saa tisa kasoro mvua ikashuka, ya kwanza ya msimu, ile ya ubavuni.

Clotilda alikuwa na Neta mgongoni kwenye mlango wa stoo ya rangi, mkabala na mahali njia ya mzunguko inapogawanyika. Aliona miavuli ikifunguka yote kwa pamoja, maelfu, myeusi kwa myekundu, kama shamba lililochanua kwa dakika moja. Na juu ya shamba lile, nguzo za mita tatu zilisimama safi, mishale yake ikimeta kwa maji, ikiwaelekeza ndege.

Akasubiri kufurahi.

Watu wa bluu wakaenda mlimani. Watu wa njano wakaenda ziwani. Wengine walizunguka uwanja mzima wakarudi pale pale, wakadhani wamefika mahali pengine. Maige alipita mbele yake na filimbi na jeshi lake.

"Bluu ni wapi?" alipiga kelele.

"Twende tu, wenzetu wako mbele," mtu akamjibu.

"Unawajua?"

"Si wanatembea kama wanajua?"

Wakaingia na ngoma yao katikati ya jukwaa la Bukoba. Kelele iliyotoka humo ndani haikuwa ya mpira.

Clotilda alicheka, kweli alicheka, peke yake pale mlangoni. Akamwona Evelyne kwa mbali, amelowa, hana mwavuli, anawaonyesha watu vibao kwa kidole, na watu wanakitazama kidole halafu wanatazama viatu vyao. Ile kokoto ya miezi mitatu ikatulia kidogo kiatuni.

Halafu pale njia inapogawanyika, kundi lililotoka mlimani likakutana na kundi lililotoka ziwani. Waliokuwa nyuma hawakuona kwamba mbele pameziba, wakaendelea kusukuma. Miavuli ikaanza kugongana, mbavu za chuma zikanasana. Mtoto akalia. Mwavuli mmoja wa kijani, wenye kiraka cheupe alichokishona Clotilda kwa mkono wake mwenyewe, ukazama katikati ya mingine, haukuonekana tena.

"Ma," Clotilda akasema.

Hakukumbuka jinsi alivyopita. Alitanguliza viwiko, akiwa ameinama ili Neta asiguswe, mpaka akamkuta Ma Klaudia amekaa chini kwenye maji, kiatu kimoja hakipo, goti linatoka damu.

"Mama, umefuata nini huku? Huku ni ziwani. Tiketi yako njano."

"Nimefuata watu, mwanangu."

"Watu wanafuata nani?"

"Watu wanafuata watu. Unadhani nani anaona kitu hapa?"

Alimvuta mama yake mpaka mlangoni pa stoo, na mwavuli wake. Macho yake yakaangukia ndoo mbili za rangi, ya bluu na ya njano, vifuniko vyake vipana kama ungo mdogo. Akavibandua. Akarudi pale njia inapogawanyika, akapanda kwenye kijiwe cha ukingo asikanyagwe, kisha akachuchumaa. Akanyoosha mikono yote miwili pembeni, chini, usawa wa viuno vya watu: kifuniko cha bluu upande wa ziwa, cha njano upande wa mlima.

"Bluu huku, njano huku. Angalia tiketi yako. Bluu huku, njano huku."

Mwavuli wa kwanza ukasita. Viatu vikageuka. Wa pili ukaufuata. Watu waliona rangi pale pale walipokuwa wanatazama, chini ya ukingo wa mwavuli, na wakashika njia zao bila kuinua kichwa. Kundi likaanza kufunguka taratibu, kama fundo la kamba lililolegezwa mahali pake.

Mikono yote miwili ilikuwa kazini, kwa hiyo mwavuli wake mwenyewe alikuwa ameuacha, na Neta mgongoni alianza kulowa na kulia. Clotilda aliuma meno. Mara mvua ikakoma juu yao wawili tu. Akageuza shingo. Evelyne alikuwa amesimama nyuma yake, amewashikia ule mwavuli wa kijani wenye kiraka, yeye mwenyewe akiwa nje yake. Alitazama vifuniko, akatazama nguzo zake kule juu, akatazama vifuniko tena. Walikaa hivyo mpaka mtu wa mwisho akapita.

"Ulijua," Evelyne akasema. Halikuwa swali.

*

Mechi ilichelewa dakika hamsini. Baadaye Byarugaba aliwaita kontenani, suruali imelowa mpaka magotini, simu yake ikitetemeka mezani bila kupokelewa.

"Kampuni wanataka maelezo," alisema. "Nani atanipa?"

"Kosa ni langu, injinia," Evelyne akasema. "Nilipima watu. Sikupima mvua."

Alisema akiwa amesimama wima, nywele zinachuruzika maji, wala hakutafuta wa kumtupia. Na Clotilda, aliyesimama mlangoni na vifuniko vyake, akahisi ile kokoto ikimchoma upya. Hata kukosea, huyu alikosea vizuri. Hata aibu ilimkaa kama nguo ya kushonesha.

Byarugaba akageuka.

"Na hayo mafuniko ni ya nani? Mama, wewe umejuaje?"

"Ni kazi yetu ya siku zote, injinia. Mwenye mwavuli anaona chini."

"Sasa kwa nini nilikuacha juu ya ngazi?" Byarugaba akajiuliza mwenyewe. Akasugua uso. "Ufunguzi ni baada ya siku kumi. Ninaweza kuwaambia kampuni kwamba mbunifu amebadilika. Zile manila zako bado ninazo. Ungeiweza?"

Kumbe mtu anaweza kupewa kitu chote anachokitaka, kwa sentensi moja, mbele ya mtu anayemwonea wivu. Clotilda alimwona Evelyne anatazama sakafu. Aliona viatu vya Evelyne, vya kike, vizuri, vimejaa matope. Akamkumbuka akirudi kutoka sokoni na viatu vya watu wengine kichwani, anasema leo tumeuza jozi mbili, Clo, leo tununue penseli.

"Nilijua tangu Juni, waitu," akasema. "Aliniuliza kama kuna kitu amesahau. Nikamwambia hamna."

Byarugaba akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo ninao wawili," akasema. "Mmoja hajui anauliza. Mwingine anajua hasemi." Akachukua simu, akaiweka tena. "Nendeni. Sibadilishi mtu. Nitawaambia majaribio yameonyesha marekebisho, ndiyo maana yakaitwa majaribio. Siku tisa. Mkishindwa, mtaondoka wote kwa gari moja."

Nje, chini ya ukingo wa bati, Evelyne alisimama bila kuondoka.

"Nilikuuliza, Clo."

"Uliniuliza."

"Ningerudi sokoni, na wewe ungekuja kunipa pole."

"Ningekuja."

"Na chakula ungeniletea."

"Ningekuletea. Hata nyama."

Mdomo wa Evelyne ukacheza upande mmoja, akaukaza. "Usinichekeshe. Nimekukasirikia."

"Najua."

"Tena sana."

"Najua, Eve."

"Kwa nini?"

Clotilda akaviweka chini vile vifuniko. "Kwa sababu rula ilikuwa moja," akasema.

*

Siku tatu za kwanza Evelyne hakumsemesha zaidi ya maneno mawili. Lakini yalikuwa maneno ya kazi. Walikubaliana, kwa kuandikiana kwenye manila, kwamba nguzo zibaki kwa siku za jua, na kila nguzo ivishwe rangi yake kuanzia gotini mpaka kifuani. Ukuta wa ndani wa njia nao upakwe mkanda wa rangi, bluu mpaka ziwani, njano mpaka mlimani, na mshale kila baada ya hatua kumi. Clotilda alipiga magoti na brashi. Evelyne alichukua mwavuli wa Ma Klaudia, akaushusha mpaka kwenye nyusi, akaanza kutembea kutoka mlangoni kama mtazamaji.

"Naona," alisema. Hatua tano. "Naona." Hatua nyingine. "Sioni."

Clotilda alishusha mshale kwa kiganja kimoja.

"Naona."

Siku ya nne kulikuwa na manyunyu, na wao walikuwa chini ya jukwaa, sehemu yenye paa. Neta alikuwa anasumbua. Kila mama yake alipoinamia ukuta, yeye alivuta sikio lake, akapiga teke, akalilia brashi. Mshale mmoja ukapinda. Clotilda akaufuta, akaanza upya, ukapinda tena.

"Mlete," Evelyne akasema.

Clotilda hakugeuka.

"Au bado anaogopa wageni?"

"Hajawahi kuogopa. Nilikudanganya."

"Hilo nililiona siku ile ile. Mlete."

Clotilda akafungua kanga kifuani, akamvusha mtoto kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, akakaza fundo, akalivuta kuhakikisha limeshika. Alikuwa anasubiri kilio. Neta, ambaye hata kwa baba yake hukubali kulala baada ya nyimbo tatu, akaweka shavu katikati ya mabega ya Evelyne, akashusha pumzi, akalala. Hakumaliza hata dakika.

"Kumbe rahisi hivi," Evelyne akanong'ona.

Na kokoto ikachoma. Clotilda aliisikia vizuri, palepale pake, ndogo na ngumu. Hata huyu, akawaza. Hata huyu jamani. Akachovya brashi kwenye njano, akaikung'uta kwenye ukingo wa ndoo, akavuta mstari mrefu ulionyooka bila rula.

"Rudi mlangoni," akasema, "uje polepole, usimwamshe. Mwavuli chini."

Evelyne akarudi mlangoni na mtoto mgongoni, akashusha mwavuli mpaka uso wote ukapotea, vikabaki vile viatu tu, vinakuja.

"Hapo?"

"Naona."

"Na hapo?"

Viatu vikasimama. "Shusha kidogo, Clo," sauti ikasema kutoka ndani ya mwavuli. Clotilda akashusha.